Mkate wa jana, uyoga na jibini: Kitafunwa cha Kipoland chaweza kuuzwa Musoma

ASUBUHI katika kata ya Iringo, Manispaa ya Musoma, chai huandamana na vitafunwa vilevile vya siku zote: chapati, maandazi, mihogo na mkate wa slesi. Mkate ukilala hadi siku ya pili hukauka, watoto huusukuma pembeni, na mwenye kibanda huuhesabu kuwa hasara.

Nchini Poland mkate wa namna hiyo una kazi nyingine. Hupasuliwa kwa urefu, hutandazwa uyoga uliokaangwa na vitunguu, hunyunyiziwa jibini, kisha hurudishwa kwenye moto hadi jibini iyeyuke na kingo za mkate ziwe kavu. Juu yake hupitishwa mstari wa sosi ya nyanya. Kitafunwa hicho huitwa zapiekanka. Hakifunikwi kwa kipande cha pili cha mkate kama ilivyo sandwichi ya kawaida. Kila kilichomo kiko wazi, na mteja anaona anachonunua kabla ya kutoa fedha yake.

Swali kwa mjasiriamali wa Mara ni kama kitafunwa hicho kinaweza kutengenezwa nyumbani, kwa jiko la mkaa, na kikauzwa kwa bei ambayo mtu wa Musoma, Bunda au Butiama atakubali kuilipa. Kinaweza, lakini kwa sharti moja: uyoga na jibini visitoke vyote dukani. Hesabu iliyopo mbele inaonyesha kwa nini.

Chakula cha miaka ya foleni

Zapiekanka si chakula cha kale. Ilienea Poland katika miaka ya 1970, wakati chama tawala kikiongozwa na Edward Gierek. Kadiri muongo ule ulivyokaribia mwisho, maduka yalizidi kuwa matupu. Sukari ilianza kuuzwa kwa kadi mwaka 1976, na nyama ikafuata mwaka 1981. Mkate ulikuwepo, uyoga wa kupandwa ulikuwepo, na jibini kidogo ilitosha kufunika vipande vingi. Watu binafsi wakaanza kuuza mkate huo wa moto kwenye vibanda na matrela madogo, kando ya barabara na karibu na stesheni za treni.

Msomaji aliyekuwa na akili zake wakati huo hapa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Ni miaka ileile ya unga wa yanga, ya foleni kwenye maduka ya RTC, na ya msako wa walanguzi na wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Nchi mbili zilizo mbali namna hii zilikuwa zimesimama kwenye foleni kwa wakati mmoja.

Baada ya mfumo wa kikomunisti kuanguka Poland mwaka 1989, pizza na hambaga ziliingia kwa kishindo, na wengi waliona kuwa mkate wa uyoga umekwisha kazi. Haukufa. Katika mji wa Kraków, kwenye uwanja wa soko uitwao Plac Nowy, lipo jengo la duara lililojengwa mwaka 1900, na madirisha yanayolizunguka sasa ni ya wauza zapiekanka. Vipande vyao vinaweza kufikia urefu wa nusu mita, na vijana hupanga mstari hadi usiku. Foleni ya leo ni ya kupenda.

Wapoland wenyewe waliwahi kuishi hapa kwa maelfu, ingawa hawakuja na kitafunwa hiki kwa sababu kilikuwa hakijazaliwa. Walikuwa wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda ndani ya Urusi ya Kisovieti, wakapitia Iran na kufika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Makazi yao makubwa kuliko yote yalikuwa Tengeru, karibu na Arusha, ambako waliishi watu wapatao 5,000. Walilima na kufuga, walijenga shule na kanisa. Wengi waliondoka kabla ya miaka ya 1950 kwenda mbali, na makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Eneo hilo limebaki kuwa la kilimo na mifugo: ndiko kilipo kituo cha utafiti wa mboga na matunda ambacho sasa kinaitwa TARI Tengeru, na uyoga ni mojawapo ya mazao yaliyofanyiwa kazi hapo.

Uyoga ndio kazi yenyewe

Mpishi wengi hudhani siri ya zapiekanka ni jibini. Siri yake ni uyoga mkavu. Uyoga mbichi una maji mengi, na maji hayo yakiachwa huingia kwenye mkate na kuufanya uwe kama uliolowekwa kwenye chai. Jibini ya gharama yoyote haiwezi kuokoa mkate uliolowa.

Kwa vipande kumi huhitajika kilo 1 ya uyoga mbichi na vitunguu maji vinne vya wastani. Uyoga hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, au huoshwa haraka na kukamuliwa, kisha hukatwa vipande vidogo. Vitunguu hukaangwa kwanza kwa mafuta ya alizeti au siagi hadi vilainike. Uyoga huongezwa kidogo kidogo, moto ukiwa mkali na kikaango kikiwa kipana. Ukijazwa wote kwa mara moja kwenye sufuria nyembamba hautakaangika. Utachemka katika maji yake wenyewe.

Baada ya dakika chache maji yatajaa kikaangoni, na hapo ndipo wasio na subira huipua. Mpishi anatakiwa kuendelea kukoroga hadi maji yaishe na uyoga uanze kulia kwenye mafuta, ukipata rangi ya kahawia. Chumvi na pilipili manga huwekwa mwishoni, kwa sababu chumvi ikitangulia huvuta maji zaidi. Kilo moja itasinyaa hadi kubaki nusu au chini ya hapo. Si hasara, ndivyo inavyotakiwa.

Uyoga unaofaa na unaopatikana kwa urahisi zaidi kwa mkulima mdogo ni ule uitwao mamama, wenye kofia pana kama sikio. Wapoland hutumia zaidi ule mweupe wa duara, lakini mamama una maji ya kutosha kufanana nao na ladha yake hairudi nyuma.

Kuulima hakuhitaji shamba. Mabua ya mahindi au majani makavu ya migomba hukatwa vipande vya sentimeta 3 hadi 6, hulowekwa usiku mmoja, kisha huchemshwa kwa saa moja hadi mbili ili kuua vimelea. Yakishapoa hukamuliwa: mkulima akiyafinya kwa kiganja yatoe matone machache tu. Hupakiwa kwenye mifuko ya nailoni kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa mbegu ya uyoga, kisha mifuko hutobolewa matundu na kuwekwa kwenye chumba chenye giza kwa wiki tatu hadi nne. Utando mweupe ukishaenea mfuko mzima, huhamishiwa penye hewa na mwanga hafifu, na sakafu hunyunyiziwa maji kila siku. Uyoga ukianza kuchomoza, ndani ya siku chache huwa tayari kuvunwa, na mfuko mmoja huvunwa zaidi ya mara moja.

Wilaya ya Bunda ni ya pamba, na mabaki ya pamba viwandani hutumika pia kuoteshea mamama. Hata hivyo, pamba hupigwa dawa mara nyingi shambani. Kwa anayeanza na ambaye hajui mabaki hayo yametoka shamba gani, majani ya migomba ni salama zaidi.

Jambo moja halina mjadala. Mvua zikinyesha, uyoga wa porini huchomoza kwenye vichuguu na chini ya miti, na wazee wanaoufahamu huuchuma bila tatizo. Anayepika kwa ajili ya kuuza asiutumie. Uyoga wenye sumu unaweza kufanana sana na unaoliwa, kuchemsha hakuondoi sumu ya aina zilizo hatari zaidi, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, wakati ini tayari limeanza kuharibika.

Mkate na jibini

Mkate wa slesi uliokatwa mnene unafaa kwa kula nyumbani. Kwa kuuza, mkate mrefu mwembamba unapendeza zaidi na hauvunjiki mkononi. Kilo 1 ya unga wa ngano, kijiko kikubwa kimoja cha hamira, vijiko vidogo viwili vya chumvi, kijiko kikubwa cha sukari na mililita 650 hivi za maji ya uvuguvugu hutoa mikate mitano, ambayo ikipasuliwa hutoa vipande kumi. Unga ukandwe hadi uwe laini, uumuke hadi ufikie mara mbili ya ukubwa wake, ndipo ukatwe na kusokotwa. Urefu wa mikate ufuate upana wa sufuria itakayookea. Hakuna haja ya kushindana na Kraków.

Mkate huo hautumiki ukiwa umetoka motoni. Ukiwa mbichi bado una mvuke ndani na hulainika ukipata mzigo juu. Ukilala usiku mmoja huwa mgumu kidogo na hubeba uyoga vizuri. Kwa hiyo mwenye kibanda anayebakiwa na mikate jioni anayo malighafi ya kesho.

Jibini ndipo wengi watakapokwama. Mkoa wa Mara una ng'ombe wengi, na usindikaji wa maziwa si jambo geni: Musoma na Utegi zilikuwa na viwanda vya maziwa vya shirika la umma la Tanzania Dairies. Lakini jibini ngumu inayoyeyuka, ya aina ya gouda au mozzarella, hutumia lita 10 hivi za maziwa kwa kilo 1. Katika duka la Musoma mara nyingi ni bidhaa iliyosafiri kutoka mbali, na bei yake inaonyesha safari hiyo.

Ipo jibini rahisi ya nyumbani. Maziwa lita 5 huchemshwa, huepuliwa, kisha hutiliwa maji ya ndimu au siki kidogo kidogo huku yakikorogwa taratibu, hadi yakatike na maji yake yawe ya kijani kilichopauka. Huchujwa kwa kitambaa safi na kukandamizwa kwa jiwe lililooshwa kwa saa mbili. Kinachopatikana ni gramu 700 hivi au zaidi kidogo, kutegemea mafuta yaliyomo kwenye maziwa.

Jibini hiyo ina tabia moja ambayo mapishi mengi hayaitaji: haiyeyuki. Ikipata moto hukauka na kubadilika rangi, lakini haitiririki. Mpishi akiiweka peke yake atapata makombo juu ya mkate yanayodondoka kila mteja anapouma. Njia inayofaa ni kuchanganya: sehemu mbili za jibini ya ndimu iliyosagwa kwa vidole, na sehemu moja ya jibini ya dukani iliyokwaruzwa. Ile inayoyeyuka huishika ile isiyoyeyuka. Ladha haipungui sana, na mfuko unapumua.

Maji yanayobaki baada ya kuchuja yasimwagwe. Yakipoa hadi kuwa vuguvugu hutumika kukandia unga badala ya maji ya kawaida, na mkate hupata ladha ya uchachu wa mbali. Yakiwa ya moto yataua hamira.

Maziwa yachemshwe kila mara, hata kama mwenye ng'ombe ni jirani anayeaminika. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe huambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi, na jibini iliyotengenezwa kwa maziwa hayo hubeba hatari ileile.

Moto wa juu

Zapiekanka huiva kwa joto linalotoka juu. Asiye na oveni anaweza kutumia njia wanayotumia waoka keki wengi: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, iliyokalishwa kwenye makaa machache, na mfuniko wa bati uliobebeshwa makaa mengi zaidi. Sufuria ipate joto kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuweka chochote. Vipande vilivyotandazwa uyoga na jibini hupangwa kwenye sinia ya bati juu ya mchanga na kufunikwa kwa dakika 8 hadi 10. Mfuniko uinuliwe kwa uangalifu. Jivu likianguka juu ya jibini hakuna la kufanya.

Mwenye umeme asiogope kupiga hesabu. Oveni ndogo ya wati 1,500 ikiwaka kwa dakika 40 hutumia uniti 1 ya umeme, na uniti 1 ni rahisi kuliko mkaa wa kuokea vipande hivyohivyo. Tatizo ni bei ya kununua oveni yenyewe.

Sosi ni nyanya mbivu zilizopikwa na kitunguu, chumvi na sukari kidogo hadi ziwe nzito. Majani mabichi ya vitunguu yaliyokatwa hunyunyizwa mwisho kabisa, baada ya kuipua.

Hesabu

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni kielelezo tu, na kila mmoja anapaswa kuweka bei ya sokoni kwake. Tuseme mama wa Iringo ananunua kila kitu: unga Sh2,000; hamira, chumvi na sukari Sh500; uyoga kilo 1 Sh8,000; jibini ya dukani gramu 300, kwa Sh25,000 kwa kilo, Sh7,500; vitunguu Sh1,000; nyanya Sh1,500; mafuta Sh1,000; mkaa Sh1,500; na karatasi za kufungia Sh500. Jumla ni Sh23,500 kwa vipande kumi, sawa na Sh2,350 kwa kipande kabla ya kuhesabu jasho lake.

Kwa bei hiyo hawezi kusimama mbele ya chapati na maharage. Lakini atazame fedha ilikokwenda: uyoga na jibini peke yake vimekula Sh15,500, karibu theluthi mbili ya gharama yote.

Sasa tuseme anachanganya jibini kama ilivyoelezwa. Gramu 100 za dukani ni Sh2,500. Gramu 200 za nyumbani, kwa maziwa ya Sh1,500 kwa lita, hazizidi Sh2,200. Hapo ameokoa Sh2,800. Uyoga ukitoka kwenye mifuko yake mwenyewe, na akauhesabia Sh3,000 kwa ajili ya mbegu, kuni na usumbufu, ameokoa Sh5,000 nyingine. Jumla inashuka hadi Sh15,700, yaani Sh1,570 kwa kipande. Kipande cha sentimeta 30 kikikatwa katikati, nusu yake imemgharimu chini ya Sh800. Akiuza nusu kwa Sh1,200, vipande kumi vinamwachia Sh8,300.

Si fedha nyingi, na itategemea kama mifuko ya uyoga haikushambuliwa na ukungu. Wakulima wengi wapya hupoteza mifuko ya mwanzo kwa sababu ya haraka ya kupakia majani yakiwa bado ya moto au yenye maji mengi. Anayetaka kuanza ajaribu mifuko mitano, na asikope fedha kwa ajili hiyo.

Msimu nao una kauli yake. Mvua zikiwepo maziwa huwa mengi na bei hulegea, na huo ndio wakati wa kutengeneza jibini. Kiangazi maziwa hupungua, na hapo ni bora kupunguza jibini kuliko kupandisha bei ghafla. Siku ambayo uyoga haupo, sato aliyekaushwa kwa moshi na kuchambuliwa miiba anaweza kuchukua nafasi yake, akikaangwa na vitunguu vilevile. Samaki mbichi hafai kwa sababu ileile ya maji. Mpoland hatakubali kwamba hiyo ni zapiekanka, lakini mteja wa Mwigobero hatauliza.

Anayeuza atahitaji kupimwa afya na kufuata maelekezo ya afisa afya wa halmashauri yake. Akifikia kufungasha jibini na kuipeleka madukani, masuala ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019 yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, hivyo kipande kifungwe kwenye karatasi safi isiyo na wino. Gazeti, hata hili, halifai kugusana na chakula.

Kuhusu saa ya kuuza, mkate huu hauwezi kungoja. Ukipoa jibini hukakamaa na ndani ya nusu saa mvuto wake umekwisha. Haufai kupakiwa kwenye ndoo na kutembezwa kama sambusa. Unafaa mahali ambapo watu huja wenyewe na kusimama kidogo: stendi ya Bunda kati ya basi moja na jingine, nje ya shule saa za kutoka, au barazani jioni wakati wauza chipsi wanawasha majiko. Uyoga ukaangwe mchana na uwekwe pembeni umefunikwa, mikate ipasuliwe, jibini ikwaruzwe, na kila kipande kiingie motoni mteja akishaagiza. Uyoga uliokaangwa ukibaki hadi usiku na hakuna jokofu, uliwe nyumbani usiku huohuo na ugali.